NAMBA YA MZIGO KATIKA TAIRI LA PIKAPU
Maelezo kwa wenye magari, madereva, vyama vya msingi na maofisa ugavi

Wananchi wenye magari ya pikapu katika kata ya Milola na vijiji vya jirani, pamoja na watumishi wanaosimamia magari ya ofisi za umma katika Mkoa wa Lindi, wanafahamishwa kwamba matairi mawili yenye ukubwa mmoja, yanayoingia katika rimu moja, yanaweza kutofautiana uwezo wa kubeba kwa zaidi ya kilo 250 kila moja. Tofauti hiyo haionekani kwa kutazama kashata wala kwa kubonyeza kwa kidole. Imeandikwa ubavuni mwa tairi kwa tarakimu mbili au tatu ambazo aghalabu mnunuzi hazisomi, na muuzaji naye hana haja ya kumsomea.

Jambo hili lina uzito wa pekee katika ukanda huu. Kusini kulipata kuwa na reli, ile iliyojengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Nachingwea baada ya Vita Kuu ya Pili. Ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na vyuma vyake vikang'olewa. Tangu wakati huo kila kitu kinachotoka shambani hapa, iwe korosho, ufuta, mbaazi au muhogo, hutembea juu ya mpira. Mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza katika zao la korosho mwaka 2007 na baadaye kuingia katika mazao mengine, umeongeza safari hizo, kwa kuwa mazao hukusanywa kwanza katika ghala la chama cha msingi kijijini, kisha yakapelekwa ghala kuu. Lori kubwa haliingii kila kijiji. Pikapu huingia. Na pikapu hiyo hiyo iliyobeba magunia asubuhi ndiyo inayoombwa usiku kumpeleka mgonjwa Hospitali ya Mkoa ya Sokoine, Lindi mjini, kwa hiyo tairi lililochoshwa mchana na mzigo hutakiwa usiku limchukue binadamu.

JINSI YA KUISOMA

Tuchukue tairi lililoandikwa 205R16C 110/108S. Tarakimu 205 ni upana wa tairi kwa milimita. Herufi R ni namna nyuzi za ndani zilivyopangwa, na 16 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Herufi C inayofuata huonesha kwamba tairi limetengenezwa kwa gari la biashara, si kwa gari dogo la abiria. Halafu ndipo inapokuja namba ya mzigo yenyewe: 110, mkwaju, 108. Ya kwanza ni ya tairi linalofungwa peke yake kila upande. Ya pili ni ya gari linalofunga matairi mawili mawili nyuma, kama yalivyo malori madogo mengi. Pikapu hufunga moja moja, kwa hivyo ya kutazamwa ni ile ya kwanza. S mwishoni ni ukomo wa mwendo, nao ni kilomita 180 kwa saa, mwendo ambao hakuna mwenye akili timamu atakayeutafuta katika njia za Milola.

Namba ya mzigo si kilo. Hapa ndipo watu wengi hukosea, wakidhani 110 ni kilo 110 au kilo 1,100. Ni namba ya mahali katika jedwali lililokubaliwa na watengenezaji wa dunia nzima, na kila namba ina kilo zake. Namba 91 ni kilo 615. Namba 98 ni kilo 750. Namba 101 ni 825, 104 ni 900, 106 ni 950, 108 ni 1,000, 109 ni 1,030, 110 ni 1,060, 112 ni 1,120 na 115 ni 1,215. Anayeziandika namba hizi katika kipande cha karatasi na kukiweka pamoja na kadi ya gari hatahitaji kumuuliza mtu dukani.

Matairi mengine huongeza maneno MAX LOAD ubavuni na kutaja uzito waziwazi. Hayo ni msaada, illa yana mtego wake: uzito huo huandikwa kwa kilo na kwa ratili za Kiingereza pamoja, na ratili ni nyingi zaidi ya kilo mara mbili na kidogo. Tairi la kilo 900 huandikwa pia 1,984. Mwenye kuisoma hiyo 1,984 akadhani ni kilo ataamini kwamba matairi yake mawili ya nyuma yanabeba karibu tani nne.

Zipo pia alama za 6PR, 8PR na 10PR. Zamani, matairi yalipokuwa yakifumwa kwa nyuzi za pamba, tarakimu hizo zilihesabu matabaka kweli. Leo nyuzi zimekuwa imara kuliko pamba na matabaka yamepungua, na alama imebaki kama kipimo cha nguvu tu. Fundi anayesema kuwa tairi la 8PR lina nyuzi nane ndani anasimulia habari za babu yake. Matairi ya mtindo wa Marekani nayo, yale yanayoanza na herufi LT, hutumia C, D na E kwa daraja la mzigo: C ni sawa na 6PR, D ni 8PR na E ni 10PR. C hiyo siyo C ile ya mwisho wa 205R16C. Herufi ni moja na maana ni mbili, na taksiri si ya msomaji.

UKUBWA MMOJA, UWEZO MBALIMBALI

Mathalan, ukubwa wa 215/65R16. Dukani unapatikana ukiwa na namba 98, ambalo ni tairi la gari la abiria, na unapatikana ukiwa 215/65R16C na namba 109/107, ambalo ni la biashara. La kwanza hubeba kilo 750, la pili kilo 1,030. Yote mawili huingia rimu ile ile, na gari likisimama mtu hawezi kuyatofautisha kwa mbali. La kwanza kwa kawaida ni rahisi kwa bei na laini barabarani, na kwa sababu hizo mbili ndilo linalonunuliwa. Hali ni hiyo hiyo kwa 265/65R17, ambalo tairi lake la kawaida lina namba 112, yaani kilo 1,120, na lile la LT hupatikana kwa 120/117, yaani kilo 1,400 likiwa peke yake.

Wamarekani katika kanuni zao wamekwenda mbali zaidi. Tairi la gari la abiria likifungwa katika pikapu, uzito wake hugawanywa kwa 1.1 kabla ya kuhesabiwa, kwa sababu gari la mzigo huyumba na kugongwa zaidi ya gari la abiria. Kwa hesabu hiyo lile la kilo 750 hubaki na kilo 682 hivi. Kanuni hiyo haijaandikwa kwa ajili ya Milola, lakini mashimo ya njia za hapa hayana huruma kuliko barabara za huko, na mwenye busara anaweza kuifuata bila kuamrishwa.

Sasa na tuingie katika hesabu ya mzigo wenyewe. Tuseme ipo pikapu ya ukubwa wa kati ambayo ikiwa tupu ina kilo 1,750, na kati ya hizo 1,020 ziko juu ya magurudumu ya mbele na 730 juu ya yale ya nyuma. Kibati chake kinasema uzito wa jumla usizidi kilo 2,800, na ekseli ya nyuma isizidi kilo 1,650. Wanapanda dereva na utingo, kilo 150 kwa pamoja, na uzito wao hugawanyika takribani nusu kwa nusu. Gunia la korosho ghafi huwa karibu na kilo 80. Bodi ya pikapu imekaa karibu yote juu ya ekseli ya nyuma, kwa hiyo katika kila kilo 100 za magunia, 95 hivi huangukia nyuma.

Magunia kumi na moja ni kilo 880. Jumla ya gari ni kilo 2,780, ndani ya kikomo, lakini bado ishirini tu. Nyuma kunakuwa na 730, na 75 za watu, na 836 za magunia: kilo 1,641, yaani zaidi kidogo ya 820 kwa kila tairi. Gari halijazidisha mzigo hata kilo moja, na tayari tairi la namba 98 limezidiwa kwa kilo 70 kila upande. La namba 101 linatosha kwa shida, bila akiba yoyote ya shimo, kona au gunia lililojazwa kupita kiasi. Namba inayostahili kwa gari la namna hii ni 106 kwenda juu.

Na ieleweke kwamba magunia kumi na moja ndiyo mzigo wa halali. Wengi hupakia kumi na tano. Hapo gari huwa na kilo 3,100, mia tatu zaidi ya kikomo, na kila tairi la nyuma hubeba kilo 972. Hata namba 106 imeshindwa. Wakikaa abiria wanne juu ya magunia, ndiyo mambo ya siku ya gulio, huongezeka kilo 260 nyingine, na watu hao hawana pa kujishika tairi litakapopasuka na mkia wa gari ukaanza kutembea wenyewe.

Hapo hutokea mtu akasema: basi na nifunge namba 110, au 115, nipakie nitakavyo. Laa hasha. Tairi la namba 110 mawili hubeba kilo 2,120, ni kweli, lakini ekseli, springi, bearingi na breki za gari letu la mfano zimetengenezwa kwa kilo 1,650 na hazikuarifiwa kwamba mwenye gari amenunua matairi mapya. Tairi huweza kupunguza uwezo wa gari likiwa dhaifu. Haliwezi kuuongeza likiwa imara. Kikomo ni kile kilicho kidogo kuliko vyote. Na tairi lenye namba kubwa kupita haja lina gharama yake: ni gumu, na gari likiwa tupu hurukaruka katika njia yenye matuta madogomadogo na kupoteza mshiko wakati wa kufunga breki.

Jina la "tani moja" linalopewa pikapu limewadanganya wengi. Uzito unaoruhusiwa unawajumuisha dereva na abiria wake. Gari la vyumba viwili hubeba pungufu ya lile la chumba kimoja, na vyuma vya bodi vinavyochomelewa na mafundi ili magunia yapande juu huondoa kilo zao kabla hata korosho haijaletwa. Kwa vitu vingine hesabu ni nyepesi: saruji ni kilo 50 mfuko, kwa hivyo mifuko ishirini tayari ni tani, pipa la maji la lita 200 ni kilo 200 na uzito wa pipa, na mchanga mkavu uliojaza bodi mpaka usawa wa ukingo hupita tani moja na nusu. Mchanga ndio unaoharibu matairi mengi kuliko korosho, kwa kuwa hauna gunia la kuhesabia.

UPEPO

Kilo zilizoandikwa katika jedwali ni za tairi lililojazwa upepo kamili. Bila upepo namba ya mzigo ni maandishi tu. Tairi la kawaida la abiria hufikia uwezo wake wote katika kilopaskali 250, yaani pauni 36 hivi za kipimo cha gereji. Tairi la biashara la 8PR kama lile la 110/108 huhitaji kilopaskali 450, takribani pauni 65. Mwenye gari aliyenunua tairi imara kwa bei kubwa na kuendelea kulijaza pauni 35 alizozizoea amelipa fedha na kuacha nguvu yake dukani. Rimu na vali navyo viwe vya kuhimili presha hiyo. Hili lifanyiwe uhakika kwa fundi kabla ya kujaza, si baada.

Sababu yake ni joto. Kila tairi linapozunguka, ubavu wake hukunjwa chini na kunyooka juu, na tairi la ukubwa huu huzunguka mamia ya mara katika kilomita moja. Likiwa na upepo pungufu au mzigo wa ziada hukunjwa sana, na kukunjwa huko huzaa joto ndani ya mpira ambako mkono haufiki. Nyuzi huachana na mpira kidogo kidogo. Ndiyo maana tairi halipasuki siku ya kosa: hupasuka wiki kadhaa baadaye, pengine gari likiwa tupu, na dereva akaapa kwamba hakuwa na mzigo. Msimu wa korosho wa kusini, unaoanza aghalabu Oktoba, huangukia wakati wa jua kali kabla ya mvua, na hapo ardhi yenyewe imeshapata moto.

Wapo wanaojitetea kwamba wao huenda polepole. Ni kweli kwamba viwango vya watengenezaji huruhusu baadhi ya matairi ya biashara kubeba ziada kidogo katika mwendo mdogo sana, kwa masharti ya upepo. Lakini anayetoka kijijini polepole hufika barabara ya lami, na huko hakuna aendaye polepole.

Upepo upimwe asubuhi, tairi likiwa baridi. Tairi lililotembea huonesha pauni zaidi kwa sababu ya joto, na kuupunguza upepo huo njiani ni kosa, maana likipoa litakuwa pungufu. Gari likishusha mzigo na kurudi katika kazi nyepesi, upepo wa nyuma urejeshwe katika kiasi cha gari tupu kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlangoni. Vibandiko vingi hutaja viwango viwili, cha mzigo na cha bila mzigo. Na kama upepo umepunguzwa ili kuvuka mchanga, ujazwe tena kabla ya kushika mwendo.

HABARI ZA MIZANI NA ZA OFISI

Baadhi ya madereva hudhani kwamba kwa kuwa pikapu haisimamishwi katika mizani ya barabara kuu, uzito wake haumhusu mtu. Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, iliyoanza kutekelezwa Tanzania Machi 2019, huyataka magari yenye uzito wa jumla kuanzia tani 3.5 yapimwe. Pikapu nyingi ziko chini ya hapo. Maana yake ni kwamba hakuna atakayempimia mwenye pikapu. Hajaondolewa wajibu, bali ameachiwa peke yake. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 ingali inambana kuhusu hali ya gari lake na mzigo anaoupakia. Mkoa ambao wananchi wake wamechoshwa na kangomba, kwa kuwa huko mkulima hupunjwa kwa vipimo visivyo rasmi, unaijua vyema thamani ya mzani. Mzani wa ghala la chama cha msingi unatosha: magunia hupimwa pale hata hivyo, na kuzijumlisha kilo kabla ya kupakia ni kazi ya dakika mbili.

Ama kuhusu magari ya umma, tatizo huanzia katika karatasi. Ombi la ununuzi likiandikwa "matairi manne ya pikapu, 215/65R16" na kuishia hapo, mzabuni wa bei ya chini ataleta yenye namba 98, naye atakuwa ametimiza alichoombwa. Hana kosa. Ofisa ugavi anatakiwa aandike ukubwa kamili pamoja na herufi C ikiwa ipo, namba ya mzigo isiyopungua ile ya kibandiko cha gari, alama ya mwendo, na umri wa tairi. Kamati ya mapokezi nayo iyasome matairi yenyewe, isisome hati ya kupokelea peke yake. Ofisi isiyo na uhakika iulize karakana ya TEMESA kabla ya kuagiza.

Umri husomwa katika tarakimu nne zilizo mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tangu kiwanda cha General Tyre cha Arusha kisimame mwishoni mwa miaka ya 2000, matairi mapya ya nchini hutoka nje, na mengine hukaa sana njiani na dukani. Ya mtumba ni mashaka zaidi, kwa kuwa kashata zinaweza kuwa nzuri ilhali ubavu umekwisha kukauka na kupasuka nyufa ndogo. Magari yaliyotumika yanayoletwa kutoka Japani nayo huja na matairi aliyoyachagua mwenyewe wa kwanza kwa kazi zake za mjini, na namba yake ya mzigo isichukuliwe kuwa ndiyo ya gari mpaka ilinganishwe na kibandiko.

Matairi yote manne yawe na namba moja ya mzigo, ingawa ya mbele hubeba pungufu; katika hesabu yetu ya magunia kumi na moja, mbele ni kilo 570 tu kwa kila moja. Matairi huhamishwa mbele na nyuma ili yaishe sawasawa, na lile dhaifu lililofungwa mbele leo litajikuta nyuma baada ya miezi michache bila mtu kukumbuka. Tairi la akiba lihesabiwe pamoja nayo. Mara nyingi hilo ndilo kuukuu kuliko yote, limening'inia chini ya bodi miaka mingi likila vumbi, wala halijapimwa upepo tangu gari liliponunuliwa. Na gunia la korosho halitapungua uzito kwa sababu gari limefunga tairi la akiba.